Cheti cha Kuhudhuria Si Ruhusa ya Kushika Moyo wa Mtu

Haya wasomaji wangu, leo naweka kando habari za seva na programu huria. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe si na roboti. Mimi ni mtu wa tarakilishi. Nilisomea sayansi ya tarakilishi chuo kikuu na ndiyo inayonipa unga, sasa nikianza kuchukia mashine nitakula nini? Ugomvi wangu ni na desturi moja. Hospitali inanunua roboti ya upasuaji, wakubwa wanakata utepe, magazeti yanaandika "ya kwanza katika eneo hili", na daktari anapelekwa kozi fupi. Anarudi na cheti kinachosema alihudhuria. Cheti hicho ndicho kinachomfungulia mlango wa chumba cha upasuaji.

Msimamo wangu ni huu: kama upasuaji wenyewe ni wa moyo, cheti cha kuhudhuria hakitoshi. Hakijawahi kutosha. Kinachotakiwa ni alama zilizopimwa, za daktari na za timu yake yote, na anayepima asiwe yule anayeuza mashine.

Kabla hujanirukia, nisome mpaka mwisho.

ROBOTI HAIKUPASUI

Kila nikitaja mada hii kuna mtu huniambia, "Lakini roboti haichoki wala haikosei." Jameni! Roboti ya upasuaji haifanyi upasuaji. Inayojulikana zaidi ni da Vinci ya kampuni ya Intuitive Surgical kutoka California. Marekani iliipa kibali cha upasuaji wa jumla wa kupitia matundu madogo mwaka 2000, na cha kurekebisha vali ya mitrali ya moyo mwaka 2002. Huko Paris na Leipzig madaktari walikuwa wameshaijaribu kwenye moyo tangu 1998.

Inavyofanya kazi ni hivi. Daktari anakaa kwenye konsoli hatua chache kutoka kitanda cha mgonjwa. Anaingiza uso kwenye kitazamio na kuona picha ya pande tatu iliyokuzwa. Vidole vyake vinashika vishikio viwili. Tarakilishi inasoma jinsi anavyosogeza vidole, inaondoa mtetemo wa mkono, inapunguza kipimo (ukisogeza sentimita 3 chombo kinaweza kusogea sentimita 1), halafu inapeleka amri kwenye mikono ya chuma iliyo juu ya mgonjwa. Basi. Hakuna mahali popote kwenye msimbo huo ambapo mashine inaamua "nishone hapa". Ukiipa amri mbaya, itaitekeleza amri hiyo mbaya kwa usahihi wa ajabu.

Kuna na hili. Kwa miaka mingi matoleo ya da Vinci hayakumrudishia daktari hisia ya nguvu anayotumia. Uzi ukikaribia kukatika vidole vyake havijui, inabidi macho yaone. Da Vinci 5, iliyopata kibali Marekani Machi 2024, ndiyo iliyoleta vyombo vya kupima nguvu na kuirudisha mkononi. Kwa hiyo fikiria daktari aliyeshona mioyo kwa miaka 20 akihisi kwa vidole. Siku moja anaambiwa ahisi kwa macho. Ubingwa wake bado upo, lakini sehemu moja ya ubingwa huo imebaki nje ya konsoli. Lazima ajifunze upya kama mtu aliyezoea kuendesha gari mkono mmoja wa barabara, kisha akapelekwa nchi inayoendesha mkono mwingine. Usukani anaujua, ila mwili wake unamdanganya.

KWA NINI MOYO SI KIBOFU CHA NYONGO

Roboti imetumika sana kwenye tezi dume, kizazi na tumbo. Huko kama mambo yameharibika, mara nyingi kuna dakika kadhaa za kufikiri. Moyo haukupi dakika hizo.

Kurekebisha vali ya mitrali kwa roboti kunakwenda hivi: matundu madogo yanatobolewa kati ya mbavu za upande wa kulia. Mirija ya mashine ya moyo na mapafu inaingizwa kupitia mishipa mikubwa ya kinenani. Mshipa mkuu wa aota unabanwa, moyo unamwagiwa maji yenye potasiamu, nao unasimama. Kuanzia hapo saa inahesabu. Kila dakika ambayo aota imebanwa, msuli wa moyo unakaa bila damu yake ya kawaida. Daktari anafungua chumba cha juu cha kushoto, anatengeneza vipande vya vali, anashona pete ya kuishikilia, anajaza maji ya chumvi kuona kama vali inavuja, halafu anafunga. Akikosea mishono, anaifumua na kuanza tena, na saa haimsubiri.

Wakati huo wote yeye hayuko mezani. Mezani kuna msaidizi anayebadilisha vyombo, muuguzi, daktari wa usingizi anayetazama moyo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kilichopitishwa kooni, na fundi wa mashine ya moyo na mapafu. Bingwa anaongea nao kwa maikrofoni. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: ni mfumo wenye sehemu nyingi zinazowasiliana kwa njia moja nyembamba. Njia hiyo ikikwama, sehemu zote zinaweza kuwa nzima na mfumo bado ukaanguka.

NEWCASTLE, 2015

Na ulianguka. Februari 2015, katika hospitali ya Freeman mjini Newcastle, Uingereza, mgonjwa wa miaka 69 alifanyiwa marekebisho ya vali ya mitrali kwa roboti. Ilikuwa mara ya kwanza upasuaji wa aina hiyo kufanyika Uingereza. Alifariki siku chache baadaye. Novemba 2018 mahakama ya kuchunguza vifo ilisikiliza ushahidi.

Soma orodha hii polepole. Daktari alikiri kwamba angeweza kufanya mazoezi zaidi kabla ya siku hiyo, na kwamba alikuwa ameanza kukimbia kabla ya kutembea. Mishono iliwekwa vibaya ikabidi irudiwe. Damu ilirukia kamera na picha ikafifia. Sauti kutoka kwenye konsoli ilikuwa mbovu kiasi kwamba yeye na msaidizi wake walishindwa kusikilizana vizuri. Wataalamu wawili walioletwa kumsimamia waliondoka kabla upasuaji haujaisha. Hatimaye timu iliacha roboti na kufungua kifua, moyo ukiwa umeshachoka. Ushahidi ulionyesha kwamba kwa upasuaji wa kawaida nafasi ya mgonjwa huyo kuishi ingekuwa asilimia 98 hadi 99. Hakimu wa uchunguzi alihitimisha kwamba kifo kilitokana na matatizo ya upasuaji, na kwa sehemu kilitokana na kuutumia msaada wa roboti. Alieleza pia wasiwasi kwamba hakukuwa na kigezo cha mafunzo kwa teknolojia mpya kama hiyo.

Hakukuwa na kigezo! Nchi yenye vyuo vya upasuaji vya karne nyingi, na hakuna mstari uliochorwa sakafuni wa kusema: ukifika hapa umeiva, hujafika hapa rudi ukafanye mazoezi.

MASHINE ILE ILE, VALI ILE ILE

Sasa kuna watu wakisikia habari za Newcastle wanasema, "Mnaona? Roboti ni hatari, turudi kwenye kisu." Nao nagombana nao vilevile.

Cleveland Clinic, Ohio, ilichapisha mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa wake 1,000 wa kwanza waliotengenezwa vali ya mitrali kwa roboti, mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2013. Aliyefia hospitalini ni mmoja. Mmoja kati ya elfu! Vali ni ile ile na roboti ni ya kampuni ile ile. Kwa hiyo usiniambie tofauti iko kwenye chuma. Iko kwenye watu: timu isiyobadilika-badilika inayofanya kazi hiyo mara kwa mara, na inayochagua kwa makini nani anafaa roboti na nani afunguliwe kifua kwa njia ya kawaida. Kuchagua mgonjwa nako ni ujuzi, na nako kunafundishwa.

Lakini mwenye kutaka kununua roboti huwa anaonyeshwa namba za Cleveland. Anatembezwa kwenye nyumba iliyokwisha jengwa na kuambiwa "hii ndiyo nyumba yako", kisha anauziwa mifuko ya saruji.

Kuna utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016, ukiongozwa na mtaalamu wa uhandisi wa tarakilishi, ndiyo maana niliusoma kwanza. Walichambua ripoti za matukio mabaya ya upasuaji wa roboti zilizopelekwa kwa mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani kati ya 2000 na 2013. Walipata ripoti 10,624, zikiwemo vifo 144, majeruhi 1,391 na hitilafu za vifaa 8,061. Ripoti si ushahidi kwamba roboti ndiyo iliyoua, hilo lieleweke. Lakini ripoti za upasuaji wa kifua na moyo, pamoja na wa kichwa na shingo, zilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya vifo na majeraha kuliko za tezi dume na kizazi. Namaanisha kwamba uzoefu wa kung'oa tezi dume kwa roboti hauwezi kuhamishwa kama faili kwenda kwenye moyo.

CHOMBO KINAHESABIWA, MKONO HAUHESABIWI

Hapa ndipo hasira yangu inapochemka.

Vyombo vingi vya da Vinci, vile vikoleo na mikasi inayochomekwa kwenye mikono ya roboti, vina chipu ndogo ndani. Chipu hiyo inahesabu chombo kimetumika mara ngapi. Kwa miaka mingi kikomo cha vyombo vingi kilikuwa mara 10. Ukifika kikomo, roboti inakikataa. Hata kama chombo ni kikali na kinang'aa, hata kama bingwa anabembeleza, mashine inasema hapana.

Kwa hiyo programu ya kukataa tunaweza kuiandika! Tumeshaiandika! Roboti inajua kukataa kikoleo kilichofika kikomo, ila haijui kukataa mkono ambao haujawahi kufaulu mtihani hata mmoja. Kikoleo kina kihesabu kwa sababu kikoleo kinauzwa. Mkono wa daktari hauuzwi, basi hauna kihesabu.

Wala usiniambie ujuzi wa mkono haupimiki. Roboti hii ni ndoto ya mpenda takwimu. Kila kitu daktari anachofanya kinapita kwenye tarakilishi kwanza: njia ya chombo, kasi, muda, mara alizosogeza kamera, mara chombo kilipotoka nje ya picha. Simuleta, yaani mtambo wa kuigiza upasuaji, inakupa alama hizo papo hapo ukimaliza zoezi. Kwa kazi halisi kuna kipimo kiitwacho GEARS, kilichochapishwa mwaka 2012. Watahini wanatazama video na kutoa alama 1 hadi 5 kwa mambo sita: kuona kina, kutumia mikono miwili pamoja, ufanisi, kupima nguvu, kujitegemea, na kuimudu roboti yenyewe. Anayetoa alama si lazima amjue daktari, anaweza kupewa video bila jina.

Mazoezi hayo yanasaidia? Mwaka 2002 kundi la Yale lilichapisha jaribio la madaktari wanafunzi 16 na upasuaji wa kibofu cha nyongo. Waliofanya mazoezi kwenye simuleta mpaka wakafika kiwango cha mabingwa walikuwa wepesi kwa asilimia 29. Wasiofanya walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kujeruhi kibofu au kuunguza nyama isiyohusika. Na kwa moyo wenyewe, mwaka 2016 watafiti wa London, Ontario, Canada, waliwagawa madaktari wanafunzi 40 makundi manne kwa bahati nasibu, kisha wakawapima kwa roboti katika kazi mbili: kutoa mshipa wa ndani ya kifua unaotumika kuziba pengo la mishipa ya moyo, na kushona pete ya vali ya mitrali. Waliofunzwa kwa tishu za wanyama na waliofunzwa kwa simuleta waliwapita waziwazi ambao hawakupata mafunzo ya ziada.

Angalia neno moja kwenye jaribio la Yale: "mpaka". Mpaka wakafika kiwango. Hawakuambiwa "fanyeni saa nne kisha mwende nyumbani". Mmoja atafika kwa saa tatu, mwingine kwa saa kumi na tatu, na mwingine hatafika kamwe. Huyo asiyefika aambiwe kwa heshima aendelee na kazi yake ya kisu anayoifanya vizuri. Mfumo wa vyeti vya kuhudhuria hauna njia ya kumpata huyo wa tatu. Anapewa cheti kama wenzake.

MUUZAJI ASIWE MTAHINI

Nani hufundisha matumizi ya mashine mpya? Mara nyingi mafunzo ya mwanzo huandaliwa na aliyeiuza. Sina kinyongo na hilo, yeye ndiye anayeijua. Shida inaanza pale anayefundisha anapokuwa ndiye anayesema umefaulu, huku akiwa na lengo la mauzo la robo mwaka.

Mwaka 2008, jimbo la Washington, Marekani, daktari mmoja alifanya upasuaji wa tezi dume kwa roboti. Alikuwa amefanya mbili tu chini ya usimamizi, na huo ulikuwa wa kwanza peke yake. Mgonjwa alikuwa na uzito ambao mtengenezaji mwenyewe alishauri uepukwe na wanaoanza. Upasuaji ukaharibika na kesi ikafunguliwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuionya hospitali inayonunua mashine, si daktari peke yake. Ona basi mlolongo: mtengenezaji anasema daktari ndiye mtaalamu, daktari anasema hospitali ilimruhusu, hospitali inasema daktari alikuwa na cheti. Kila mmoja anamshikia mwenzake mlango, na mgonjwa ndiye anayepita.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kuelewa jambo hili. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliruka kutoka Addis Ababa ikija Nairobi. Haikufika. Walikufa watu 157, na Wakenya walikuwa 32. Miezi michache kabla, Oktoba 2018, nyingine ya aina hiyo ilianguka Indonesia ikaua 189. Ndani ya ndege hizo kulikuwa na programu inayoinamisha pua ya ndege yenyewe, na marubani wengi hata jina lake hawakuwa wamelisikia kabla ya ajali ya kwanza. Moja ya hoja za kuiuza ndege hiyo ilikuwa kwamba rubani wa 737 ya zamani hahitaji kuingia kwenye simuleta ili kuirusha. Mafunzo machache yalikuwa sehemu ya bei! Ndege iliporuhusiwa kuruka tena Marekani mwishoni mwa 2020, mafunzo ya simuleta yalikuwa ya lazima. Ilichukua watu 346.

Na mimi nimeyaona kwa kiwango changu kidogo. Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja, sitaitaja, iliyouzia hospitali moja programu ya malipo. Mkataba ulisema siku tano za mafunzo. Zikapunguzwa mpaka asubuhi moja kwa sababu mtu wa mauzo alikuwa ameshaahidi tarehe. Tulioandika programu tulisema tusubiri, tukaambiwa wahudumu "watajifunza wakiwa kazini". Siku ya kwanza foleni ilifika getini. Kilichoharibika pale ni foleni na nguvu za watu. Nikisikia maneno hayo hayo ya "atajifunza akiwa kazini" yakisemwa kuhusu moyo uliosimamishwa, nywele zinanisimama.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

"Kila daktari lazima awe na mgonjwa wa kwanza." Kweli. Lakini mgonjwa wa kwanza si lazima awe zoezi la kwanza. Rubani anayepelekwa kwenye ndege kubwa ana abiria wa kwanza pia, na siku hiyo ameshatua mara nyingi kwenye simuleta huku injini ikizimwa kwa makusudi. Kinyozi akijifunzia kichwani mwako, nywele zitaota tena. Moyo hauoti.

"Unamdharau bingwa wa miaka 20." Hapana, namlinda. Newcastle haikumwacha daktari salama pia. Ubingwa wa zamani ni hatari kwa namna moja: humfanya mtu, na wanaomzunguka, waone aibu kuuliza kama amefanya mazoezi. Kanuni inayowahusu wote inaondoa aibu hiyo.

"Simuleta ni ghali." Roboti yenyewe inaweza kuzidi dola milioni 1, na kila mwaka kuna mkataba wa matengenezo. Ukishindwa kununua mazoezi, basi umeshindwa kununua roboti. Anayenunua matatu bila kumlipia dereva mafunzo hajaokoa pesa yoyote.

"Utachelewesha maendeleo." Hapa nageuza meza. Kinachochelewesha maendeleo ni kifo cha mapema, kile kinachofanya wananchi waogope na mashine ifunikwe turubai kwenye kona. Cleveland haikucheleweshwa na umakini wake.

Na muda hautungoji. Januari 2025, India, upasuaji wa moyo ulifanywa kwa roboti aina ya SSi Mantra, daktari akiwa Gurugram na mgonjwa Jaipur, karibu kilomita 286. Wakenya wengi huenda India kutibiwa moyo, kwa hiyo hii si habari ya sayari nyingine. Kama mtu wa mitandao nilipiga makofi. Kama mtu wa mitandao pia naijua intaneti: hukatika. Ikikatika, aliye kilomita 286 hana mkono wowote ndani ya chumba. Watakaomwokoa mgonjwa ni wale waliosimama kitandani. Wao wamepimwa na nani?

NINACHOTAKA

Sipendi mtu anayelalamika bila kupendekeza, kwa hiyo haya ndiyo mapendekezo yangu kwa upasuaji wa moyo kwa roboti, popote unapoanzishwa.

1. Alama badala ya saa. Daktari afikie kiwango kilichoandikwa kwenye simuleta, kisha kwenye tishu za wanyama, na video zake zitahiniwe na watu wasiomjua wala kulipwa na muuzaji.

2. Timu nzima ifunzwe na ipimwe pamoja, si bingwa peke yake. Zoezi la kuondoa roboti na kufungua kifua kwa dharura lifanywe kwa saa mkononi, tena na tena. Hata sauti ya maikrofoni ijaribiwe. Unacheka? Kumbuka Newcastle.

3. Msimamizi mzoefu abaki chumbani mpaka kifua kifungwe, na awe na mamlaka ya kusema "acheni roboti, fungueni". Ana ndege ya kuwahi? Basi upasuaji uahirishwe.

4. Wagonjwa wa mwanzo wawe wa vali rahisi. Kwetu hili ni zito. Huku wagonjwa wengi wa vali ni vijana walioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye koo la mtoto. Vali zao zina makovu na zimekakamaa, na kuzitengeneza ni kugumu kuliko vali zilizolegea kwa umri, ambazo ndizo zilizojaa kwenye takwimu za Cleveland. Aliyefunzwa kwa vali za wazee wa Ohio bado hajafunzwa kwa vali ya binti wa miaka 19 wa kutoka Kisii.

5. Ruhusa iwe na mwisho. Rubani asiporuka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria. Daktari aliyekaa miezi bila kugusa konsoli arudi kwenye simuleta kwanza.

6. Matokeo yote yaandikwe kwenye daftari la wazi, mazuri na mabaya, yakiwemo ya waliobadilishiwa njia katikati.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji uvumbuzi mpya. Tangu 2023 Kigali kuna kituo cha IRCAD Africa kinachofundisha upasuaji wa matundu madogo, hivyo hata hoja ya kwamba lazima uvuke bahari ndipo ufunzwe inazidi kudhoofika. Programu za kupima zipo, na takwimu ziko ndani ya mashine zikisubiri kusomwa. Kinachokosekana ni mtu mwenye muhuri atakayesema: bila alama hizi, konsoli haiwaki. Kwetu mwenye muhuri ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Nawaomba waandike kiwango hicho kwa upasuaji wa moyo kabla ya sherehe ya kukata utepe, maana baada ya sherehe hakuna anayependa kusikia neno "subiri". Nasi waandishi wa programu tujitolee kuwajengea daftari hilo. Mimi nitaandika msimbo bure, nimeshasema hadharani.

Nawe msomaji, ukipelekwa siku moja, wewe au mzazi wako, mbele ya daktari anayesifu roboti mpya, usione haya. Muulize maswali matatu: Daktari, mimi ni mgonjwa wa ngapi kwako kwa mashine hii? Nani alikupima, na anamfanyia nani kazi? Mashine ikigoma, timu yako inafungua kifua kwa dakika ngapi? Daktari aliyeiva atakujibu kwa namba bila kukasirika. Akikukunjia uso na kukuonyesha cheti kilichotundikwa ukutani, mshukuru, chukua faili yako, tafuta mwingine.

Uwanja wa maoni ni wenu. Madaktari mnaonisoma, najua mko, njooni tubishane.